Kurudisha Miti ya Asili Karura

Msitu wa Karura, kaskazini mwa jiji la Nairobi, ulitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1932 na una zaidi ya hekta 1,000. Sehemu zake nyingi zilipandwa mikaratusi, mti wa Australia ulioletwa Kenya mwaka 1902 ili kuni zake ziendeshe garimoshi. Vijana wanaojitolea msituni humo wana kazi tatu: kung'oa mimea vamizi, kupanda miti ya asili na kuitunza.

Wengi hudhani kila kilicho kijani kinaufaa msitu. Lantana, kichaka kilichotoka Amerika ya kitropiki, hustawi sana, lakini chini yake mche wa msitu hukosa mwanga ukafa. Kukifyeka ni kupoteza nguvu, maana kisiki huchipua upya. Sharti king'olewe na mizizi yake, tena mara kwa mara, kwa sababu ndege hula matunda na kusambaza mbegu.

Neno "asili" nalo limechezewa mno. Mbambakofi ni mti wa Kenya, lakini kwao ni pwani, si Karura. Mwarobaini, ambao watu huapa kuwa ni wetu tangu enzi za mababu, ulitoka Asia ya Kusini. Na imani kwamba mkaratusi huvuta mvua ni upuuzi mtupu: mti huo hufyonza maji mengi ardhini, ndiyo maana haufai kando ya mito.

Katika kupanda, mti unaostahili kuelezwa kwa kirefu ni muhugu. Mbao zake ngumu zilipendwa sana na wachongaji wa vinyago wa Kikamba, ukakatwa kwa pupa. Kuurudisha ni kazi nzito. Mti wa kiume ni tofauti na wa kike, hivyo muhugu uliobaki peke yake hauzai mbegu za kuota. Hata wa kike ulio karibu na wa kiume hutoa mbegu ndogo zinazopeperushwa na upepo, na nyingi ni tupu au zimeliwa na wadudu. Kitaluni humwagwa konzi nzima ili ipatikane miche michache, nayo hukua polepole mno.

Miche hupandwa masika yanapoanza, kisha hupaliliwa. Hesabu ya miche iliyopandwa siku ya sherehe, mbele ya kamera, haina maana yoyote. Inayofaa kuandikwa ni ya miche iliyo hai baada ya viangazi viwili.