Hasheem au Gasol: Ukiwa na Warefu Wawili, Unabaki na Nani?

Pale Daraja Mbili, chalii akianza kuinama kwenye mlango wa kwao haichukui muda mtaa unampa jina la Hasheem. Akifika chuo, kabla hata hajamaliza usajili, watu wa timu ya kikapu wameshamfuata hosteli. Hakuna anayemuuliza kama anajua kucheza, maana urefu umeshamjibia.

Baada ya hapo unakuja ubishi ambao kila timu ya chuo inaufahamu. Nafasi iliyobaki kwenye basi la mashindano ni moja, na masenta ni wawili. Mmoja ni mrefu zaidi, anabloku mpaka watu wa pembeni wanapiga kelele. Mwingine ni mzito, haruki sana, ila akiwa ndani timu inatulia. Unamchukua nani, unamwacha nani?

Swali hili liliwahi kuulizwa kwenye NBA, kwa mamilioni ya dola, na mmoja wa hao wawili alikuwa Mtanzania mwenzetu. Kwa hiyo tusibishane hewani, tuitazame kesi yenyewe.

Hasheem Thabeet alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1987. Mpira wa kikapu alianza akiwa na miaka kama 15, yaani umri ambao wenzake wa Marekani na Ulaya wana miaka mingi ya mazoezi mwilini. Alikwenda Marekani akiwa bado mwanafunzi wa sekondari, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut. Msimu wake wa mwisho chuoni, 2008/09, alikuwa na wastani wa pointi 13.6, ribaundi 10.8 na bloku 4.2 kwa mechi. Juni 2009 timu ya Memphis Grizzlies ikamchagua namba 2 kati ya vijana wote wa mwaka ule. James Harden alifuata namba 3, Stephen Curry akasubiri mpaka namba 7. Mtanzania wa kwanza NBA, sentimita 221. Nchi nzima ilijivuna, na haki yetu.

Tatizo ni kwamba Memphis tayari walikuwa na senta. Marc Gasol, Mhispania, alichaguliwa mwaka 2007 akiwa namba 48, nafasi ambayo wengi huitwa na kusahaulika. Kwa urefu Hasheem alimzidi sentimita kadhaa. Kwa jina ndiyo kabisa: Gasol alijulikana zaidi kama mdogo wake Pau.

Sasa tuje kwenye namba za msimu wa 2009/10, wote wakiwa timu moja. Gasol alicheza karibu dakika 36 kwa mechi: pointi 14.6, ribaundi 9.3, bloku 1.6. Hasheem alicheza dakika 13: pointi 3.1, ribaundi 3.6, bloku 1.3. Ukiishia hapo utasema mjadala umefungwa. Lakini si haki kumlinganisha aliyecheza dakika 36 na aliyecheza 13. Wachambuzi huwa wanawaweka wote kwenye dakika sawa, mara nyingi 36. Ukipiga hesabu hiyo, Hasheem anafika ribaundi 10 na bloku 3.6. Yaani kwa ribaundi anampita Gasol kidogo, na kwa bloku anamwacha mara mbili na zaidi.

Umeona? Kumbe mashabiki wa Hasheem hawakuwa wanaongea kwa uzalendo tu. Namba walikuwa nazo.

Ila hesabu hiyo ina mtego. Inachukulia kwamba mtu anaweza kweli kubaki uwanjani dakika zote 36, na Hasheem alikuwa mwepesi wa kuokota faulo. NBA unatolewa ukifikisha sita, mashindano yetu ya kawaida ni tano. Senta anayerukia kila mpira anabloku viwili, anafanya faulo tatu, halafu anamalizia mechi na taulo mabegani. Bloku zake ni za kweli, lakini hazinunui dakika.

Mtego wa pili ni vitu visivyoonekana haraka kwenye karatasi. Tazama pasi zinazozaa kikapu: Gasol 2.4 kwa mechi, Hasheem 0.2, na hata ukimpandishia dakika hafiki moja. Gasol alikuwa anapokea mpira karibu na mstari wa mitupo huru, anatulia, anaangalia nani yuko wazi. Mabeki wanalazimika kumfuata kule nje, na chini ya kikapu Zach Randolph anabaki na nafasi ya kufanya kazi yake. Hasheem akipokea mpira pale mstarini, hakuna beki anayesumbuka kutoka.

Kwenye ulinzi ni hivyo hivyo. Mwenye mpira anapoletewa mwenzake asimame kama ukuta kumzuia beki, senta ana nusu sekunde ya kuamua: atoke amzibe mwenye mpira, au arudi kulinda kikapu? Akikosea, urefu haumsaidii, kwa sababu mpira umeshapita. Gasol alifika mahali kabla ya tatizo. Hasheem alifika baada ya tatizo, akategemea mikono mirefu kulifuta. Chuoni iliwezekana. NBA, mara nyingi haikuwezekana.

Februari 2011 Memphis wakaamua. Hasheem akapelekwa Houston katika dili lililomleta Shane Battier. Hapa ndipo pana somo kubwa kuliko yote, maana uamuzi ule ulikuwa mchungu. Kumwachia mchezaji uliyemchagua namba 2, tena kabla hajatimiza misimu miwili, ni kukiri mbele ya dunia kwamba ulichagua vibaya. Wangeweza kuendelea kumng'ang'ania kwa sababu ya gharama waliyokwisha ingia. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Gharama ya jana haimfanyi mtu acheze vizuri kesho.

Miezi miwili baadaye, Memphis waliokuwa wa nane kanda ya Magharibi waliwatoa San Antonio waliokuwa wa kwanza. Mwaka 2013 Gasol akatajwa mlinzi bora wa NBA, na wastani wake wa bloku ulikuwa 1.7 tu. Mlinzi bora wa ligi nzima, bloku hazifiki mbili! Kulinda na kubloku si kitu kimoja.

Je, Hasheem alifeli? Hapana, tuwe waungwana. Aliendelea NBA mpaka 2014, akacheza mechi 66 msimu mmoja akiwa Oklahoma City, na baadaye akacheza Japani na Taiwan. Kilichomponza ni kuhukumiwa kwa namba 2 badala ya miaka yake halisi ya mpira. Aliyeanza akiwa na miaka 15 alihitaji muda na dakika, na timu inayotaka ushindi leo haina vyote viwili vya kugawa.

Basi turudi kwenye basi letu. Ukiambiwa uchague, usianze na futi. Waweke kwenye mazoezi dakika sawa, na wachezaji wenza walewale. Hesabu faulo pamoja na bloku. Hesabu pasi. Kisha angalia jambo moja ambalo halihitaji karatasi: kila mmoja akiwa ndani, wenzake wanne wanacheza vizuri zaidi au vibaya zaidi? Anayewainua wenzake ndiye wa kusafiri naye, hata kama mwenzake anamzidi kichwa kizima.

Na yule mrefu anayebaki, asiachwe hosteli akingoja urefu wake ufanye kazi peke yake. Mpeni mpira kila jioni na mtu wa kumfundisha kusimama, kutazama na kutoa pasi. Namba za Hasheem zinaonyesha kipaji kilikuwepo. Dogo wetu wa Daraja Mbili ana miaka 19 tu, na mwakani basi litaondoka tena.