Fahamu: Python ni nini, na kwa nini kazi za data huanza nayo?

Lugha ya kuiagiza kompyuta

Python ni lugha ya kuandikia programu, yaani maagizo ambayo kompyuta huyafuata hatua kwa hatua, iliyobuniwa na Mholanzi Guido van Rossum na kutolewa kwa umma mwaka 1991, nayo hupatikana bila malipo.

Misingi inayotangulia

Mwanafunzi huanza na kigeu, yaani jina linalohifadhi thamani, kisha aina za data, kwa kuwa "25" iliyo ndani ya alama za kunukuu ni maandishi, ilhali 25 isiyo na alama hizo ni namba inayoweza kujumlishwa; tofauti hii, ijapokuwa huonekana ndogo, huzaa makosa mengi katika majedwali, na inastahili kupewa muda wa kutosha. Hufuata orodha, ambazo vipengee vyake huhesabiwa kuanzia sifuri, masharti, na vitanzi vinavyorudia kazi.

Kwa nini data

Pandas, maktaba ya Python yenye programu zilizokwisha kuandikwa, ambayo Wes McKinney alianza kuiunda mwaka 2008, husoma majedwali, hujaza nafasi zilizo wazi na kukokotoa wastani kwa mistari michache, lakini takwimu yenyewe, hasa kutambua ni lini wastani hupotosha, hujifunzwa kando.