Michoro ya Kale, Karakana za Leo

Seremala wa Ushetu anayeranda mninga, na fundi bati anayekunja mabomba ya kupitisha joto kwenye bani la tumbaku, hufanya kazi ambazo mashine zake zilichorwa zamani, kipande kwa kipande. Mwanzoni mwa karne ya 20 ofisi za hataza za Marekani na Ulaya zilipokea michoro mingi ya misumeno, randa za mota na mashine za kukunjia bati. Raymond DeWalt, kwa mfano, alipewa hataza ya msumeno wake mwaka 1925. Wakati huo haki hiyo Marekani ilidumu miaka 17 tangu itolewe, kwa hiyo ilikwisha 1942. Karakana zetu zinaikalia bure hazina hii ya michoro iliyokwisha muda wa hataza, na hasara yake huonekana hata vidoleni.

Tazama randa ya mota. Zile za awali zilikuwa na kichwa cha mraba, visu vimefungwa kwa bolti ubavuni. Ili pembe zake zizunguke bila kugonga, mwanya wa mezani ulilazimika kuwa mpana, na kidole kikiteleza kilizama humo na kusagwa. Wabunifu wa enzi hiyo wakaleta kichwa cha mviringo: mwanya ukawa mwembamba, makali ya kisu yakachomoza kidogo tu. Ajali haikwisha, ila jeraha lilipungua kina. Fundi anayejiundia randa kwa vyuma chakavu hahitaji kuligundua upya jambo hili kwa damu yake.

Wapo watakaouita unakili huo wa michoro ya kale wizi. Sivyo. Hataza ni mapatano: mbunifu hupewa ukiritimba kwa muda, naye hulipa kwa kueleza wazi kifaa chake kinavyofanya kazi. Muda ukiisha, anayekiunda anachukua malipo ambayo umma uliahidiwa. Hoja nzito zaidi ni kwamba maelezo yameandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, ambacho hata Mwingereza hukisoma kwa shida. Ni kweli, lakini mchoro una namba kwenye kila kipande, na fundi mzoefu huuelewa upesi. Kilichobaki, yaani vipimo na aina ya chuma, ni kazi ambayo walimu wa chuo cha ufundi cha VETA Shinyanga na wataalamu wa SIDO, shirika la viwanda vidogo, wangeweza kuiandika kwa Kiswahili.

Je, kunakili hakutaua ubunifu? Naona kinyume chake, maana asiyejua kilichokwisha kubuniwa hawezi kujua kipya chake ni kipi. Anayeunda karasha za wachimbaji wadogo akibadilisha jambo la maana, Sheria ya Hataza ya Tanzania ya 1987 inampa njia kupitia BRELA, wakala wa usajili wa biashara, ikiwemo cheti cha ubunifu mdogo kinachodumu miaka 7. Ila awahi kuomba kabla hajaanza kuziuza, kwa sababu kitu kilichokwisha kuzagaa machimboni ni vigumu kukitetea kuwa ni kipya.