Fedha za Mama Zisiishie Mlangoni mwa Wodi

Ugatuzi ulipozikabidhi kaunti mzigo wa afya mwaka 2013, Kakamega ilifanya jambo lisilo la kawaida: iliamua kumlipa mama mhitaji ili aje kliniki. Mpango huo, Imarisha Afya ya Mama na Mtoto, ulioanza kwa msaada wa UNICEF, wananchi waliuita Oparanya Care kwa jina la gavana wa kwanza, Wycliffe Oparanya. Mama aliyeandikishwa alipewa mafungu sita ya shilingi 2,000, kuanzia kliniki ya wajawazito, kisha kujifungulia kituoni, hadi mtoto atimize miezi 18. Mwaka 2017 bunge la kaunti likautungia sheria. Ulikuwa uamuzi mzuri. Swali la leo ni kama fedha hizo bado zinaangukia mahali zinapohitajika zaidi, na mimi naona haziangukii.

Mwaka 2013 hatari kubwa ilikuwa kuzalia nyumbani. Juni mwaka huo serikali kuu ilifuta ada ya kujifungua katika vituo vya umma, kisha ukaja mpango wa Linda Mama, na desturi imebadilika: kwa mujibu wa utafiti wa kitaifa wa KDHS, waliojifungulia kituoni nchini walikuwa asilimia 61 mwaka 2014, na kufikia 2022 walikuwa 82. Udumavu wa watoto walio chini ya miaka mitano nao ulishuka, kutoka asilimia 26 hadi 18. Ni hatua, lakini karibu mtoto mmoja kati ya watano bado ni mfupi kuliko umri wake unavyodai, na udumavu hauanzii wodini. Hujengeka zaidi kati ya miezi sita na miaka miwili, ziwa la mama linapokuwa halitoshi peke yake na bakuli la mtoto likawa na uji mwepesi wa mahindi, asubuhi na jioni.

Kipindi hichohicho ndicho ambacho kitabu cha kliniki huanza kubaki sandukuni. Wiki za mwanzo zina chanjo zinazofuatana. Baada ya surua ya miezi tisa, ya pili hungoja hadi mwezi wa 18. Kakamega ni miongoni mwa kaunti nane zilizoanza kutoa chanjo ya malaria mwaka 2019, na dozi zake nne zilipangwa miezi 6, 7, 9 na 24. Ile ya mwisho, basi, inaangukia miezi sita baada ya fungu la mwisho la fedha. Ukienda Mumias, Matungu au Navakholo utaona sababu nyingine ya fedha kuhitajika kipindi hicho. Muwa huchukua takriban miezi 18 kukomaa, na malipo huchelewa zaidi. Familia iliyotoa shamba lake kwa miwa inaweza kungoja hela za zao moja tu wakati mtoto anapita dirisha zima la ukuaji wake. Mboga kama likhubi na murere hazikosekani sokoni, na omena hufika kutoka ziwani. Kinachokosekana ni shilingi ya wiki hii.

Wapo wanaosema fedha hizi huwashawishi wanawake kuzaa. Shilingi 12,000 zikigawanywa tangu mimba hadi miezi 18 hazifiki 20 kwa siku. Hakuna anayebeba mimba kwa bei hiyo, na sheria ileile ya 2017 inahusu pia upangaji uzazi. Pingamizi lenye uzito ni la wanaouliza kwa nini tugawe hela ilhali zahanati inaishiwa dawa. Hapo wana haki: kumlipa mama nauli ya boda aende kukuta friji ya chanjo haina kitu ni kumdhihaki. Lakini dawa nazo hazimtoi mtu wa Likuyani nyumbani kwake. Jaribio lililofanywa katika kaunti jirani ya Siaya, la kuwalipa akina mama kila wanapohudhuria, lilionyesha faida ya wastani katika kliniki za wajawazito na chanjo za watoto, wala si katika kujifungulia kituoni. Anayetaka kuyatumia matokeo hayo kuyapinga malipo ayasome vizuri. Yanatuonyesha ni hatua zipi zinazoitikia fedha.

Kwa hiyo mafungu yasogezwe mbele. Moja au mawili ya mapema yapunguzwe, na hela hizo zilipwe kuanzia mwezi wa tisa hadi wa 24, zikifungamana na mizani, vitamini A na dozi ya nne ya malaria. Hela peke yake haipiki. Huko Kitui na Machakos, serikali na UNICEF waliwahi kujaribu kuambatanisha ruzuku na ushauri wa lishe nyumbani, na Kakamega ina watu wa kazi hiyo tayari: wahamasishaji wa afya ya jamii, waliopewa vifaa mwaka 2023, wanaojua nyumba ipi ina mtoto na utepe wa kupimia mkono unasomaje. Wao wenyewe hulipwa posho ndogo, tena kwa kugawana mzigo kati ya serikali kuu na ile ya kaunti, ambazo kila moja hupenda kuingoja nyenzake. Bajeti ya kaunti ikiandikwa bila kulitatua hilo, mafungu yaliyosogezwa yatamkuta mtoto hajapimwa na mtu yeyote.