Deraya za Samurai: Chuma, Utomvu na Hariri

Mtu aionaye deraya ya samurai kwa mara ya kwanza katika jumba la makumbusho aghalabu hushikwa na kofia yenye pembe na kinyago cha uso wenye hasira. Vitu hivyo vilitengenezwa ili vionekane. Hata hivyo, fundi alikuwa na swali gumu zaidi mbele yake: atapataje vazi lizuialo mshale, lisilomzuia mpanda farasi kuvuta upinde, tena lisiloliwa na kutu katika nchi ya mvua nyingi? Chuma peke yake hakikutosha kulijibu swali hilo.

Deraya kubwa iitwayo ō-yoroi, iliyovaliwa na wapiga upinde wa farasi tangu karne ya 10 hivi, haikufuliwa kwa bamba moja. Iliundwa kwa vipande vidogo mithili ya magamba ya samaki, kila kimoja kikiwa na upana wa kama sentimita 3 na urefu wa kama sentimita 7, nacho kimetobolewa matundu katika safu mbili. Vipande hivyo vilipangwa kila kimoja kikifunika nusu ya jirani yake, hata popote mshale ulipogonga ulikuta unene wa vipande viwili. Vilifungwa pamoja kwa ukanda wa ngozi vikawa mstari mmoja; mstari huo ukapakwa utomvu mara nyingi hadi ukawa mgumu kama ubao. Kisha mistari iliningʼinizwa mmoja chini ya mwingine kwa vigwe vya hariri.

Hapo ndipo penye siri ya vazi zima. Ubao haukunjiki, bali vigwe hukunjika. Mistari ya deraya ilipandiana na kushukiana kila mvaaji alipoinama au kuketi. Pigo lilipoangukia mstari mmoja, vigwe vilinyumbuka kidogo, na nguvu ya pigo ikatawanyika kabla ya kufika mbavuni.

Wala si magamba yote yaliyokuwa ya chuma. Fundi alichanganya chuma na ngozi mbichi iliyokaushwa, akikizidisha chuma mahali penye hatari kubwa, kama vile kifuani. Pamoja na hesabu hiyo, deraya kamili ilifikia kilo 25 hadi 30. Juu ya farasi uzito huo ulivumilika. Kwa miguu ulikuwa adhabu.

Utomvu uliotajwa hutoka katika mti uitwao urushi kwa Kijapani. Mwalimu wa kemia atauona kuwa wa ajabu, maana haukauki kama rangi za kawaida. Rangi nyingi hukauka kimiminiko chake kinapopotea hewani, na hewa kavu huharakisha jambo hilo. Urushi hutaka kinyume chake. Ndani yake mna kimengʼenya ambacho, kikipata oksijeni, huziunganisha molekuli za utomvu kuwa mtandao mmoja mkubwa. Na kimengʼenya hicho hufanya kazi vizuri penye joto la wastani na unyevu wa hewa wa asilimia 70 hadi 80. Kwa hiyo fundi wa Kijapani huiweka kazi yake katika kabati lenye unyevu, ili ikauke! Utando upatikanao hustahimili maji, spiriti na hata asidi nyingi. Adui yake mkubwa ni mwanga wa jua.

Utomvu ukiwa mbichi huwasha na kubabua ngozi ya binadamu. Mbanguaji wa korosho wa Mtwara au Lindi hatashangaa kusikia hayo, kwa kuwa mrushi, mkorosho na mwembe ni miti ya jamii moja, nayo mafuta ya maganda ya korosho yana kemikali zilizo karibu sana na zile za urushi. Undugu huo una faida pia: katika karne ya 20 Wajapani walitengeneza kutokana na mafuta hayo ya korosho rangi ya kupaka mahali pa urushi, ambayo ni ghali.

Vigwe vya hariri, vilivyoipa deraya uhai wake, ndivyo pia vilivyoiponza. Sakakibara Kōzan, mjuzi wa deraya ambaye kitabu chake kilichapishwa mwaka 1800, aliyaeleza madhara yake bila huruma. Vigwe vingi vikilowa huwa vizito wala havikauki upesi. Wakati wa baridi huganda. Matope yakishaingia hayatoki. Katika safari ndefu hunuka na kujaa chawa na sisimizi. Tena ncha ya mkuki hunasa katika vigwe badala ya kuteleza na kupita.

Mafundi walikuwa wamekwisha kuligundua hilo vitani. Bunduki za mrao zililetwa na Wareno katika kisiwa cha Tanegashima mwaka 1543, na mwaka 1575, huko Nagashino, jeshi la Oda Nobunaga lilizitumia kuwavunja wapanda farasi wa ukoo wa Takeda. Deraya zikabadilika. Magamba yalipisha mabamba mapana yaliyoungwa kwa ribiti, vigwe vikapunguzwa vikabaki vichache vichache. Baadhi ya mabamba ya kifua yalipigwa risasi kwa makusudi kabla ya kuuzwa, na kibonyeo cha risasi kikaachwa hapo hapo ili mnunuzi akione. Kwa mtu ambaye uhai wake ulitegemea bamba hilo, alama hiyo ilikuwa na thamani kuliko nakshi yoyote.

Vita vilipokoma katika karne ya 17, mitindo ya kale yenye vigwe vingi ilirudi kwa ajili ya fahari. Ndiyo maana Sakakibara alinungʼunika.

Leo kazi ya kuzitunza deraya hizo imo mikononi mwa wahifadhi, na mara nyingi hariri ndiyo itanguliayo kuharibika. Rangi yake ina sehemu kubwa katika jambo hilo. Hariri nyeusi ilitiwa rangi kwa tanini na chumvi ya chuma; chuma hicho huharakisha kuoza kwa nyuzi, kama wino wa kale wa chuma ulavyo karatasi. Vigwe vya buluu ya nili, ambayo haihitaji chumvi ya kuishikiza, huweza kubaki imara kando ya vyeusi vilivyokwisha kuwa vumbi.

Katika hekalu la Musashi Mitake, magharibi ya jiji la Tokyo, imehifadhiwa ō-yoroi ya karne ya 12 iliyofungwa kwa vigwe vyekundu vya rangi ya mizizi ya mmea. Wakati wa enzi ya Meiji, 1868 hadi 1912, vigwe vilivyokatika vilibadilishwa kwa vipya vilivyotiwa rangi ya kiwandani, iliyokuwa fahari ya kemia ya siku zile. Vigwe hivyo vipya vimepauka. Vile vya karne ya 12 vingali vyekundu.