MTOTO ANAYECHELEWA KUSOMA SI MVIVU



Mwezi huu sisi walimu wa kujitolea tunapenda kuongea nanyi juu ya jambo linaloumiza watoto kimyakimya. Kuna mtoto ambaye ukimuuliza kwa mdomo anajibu vizuri. Ukimtuma sokoni anarudi na chenji kamili. Lakini ukimpa kitabu, anakwama. Silabi aliyoisoma jana, leo imepotea. Wenzake wanamcheka. Nyumbani anaitwa mvivu, na wengine wanasema amerogwa. Mwisho anaacha shule, anabaki kuteka maji na kutafuta kuni.

Jamani, tatizo hilo mara nyingine lina jina lake: disleksia. Maana yake ni ugumu wa kusoma na kuandika kwa mtu mwenye akili timamu.

Mmoja wa waliolichunguza kwa miaka mingi ni mama anayeitwa Uta Frith. Alizaliwa Ujerumani mwaka 1941, wakati wa vita. Alisomea saikolojia, akaenda London, Uingereza, na mwaka 1968 akapata shahada ya udaktari kwa utafiti juu ya watoto wenye usonji. Zamani hizo wataalamu wengi walisema usonji unaletwa na mama asiyempenda mwanawe. Profesa Frith alikuwa miongoni mwa walioonyesha kwamba chanzo kiko katika ubongo, si katika mapenzi ya mama. Baadaye aliuliza swali la namna hiyohiyo juu ya disleksia: je, na yenyewe iko katika ubongo?

Yeye na wenzake walichukua wanafunzi wa chuo kikuu kutoka nchi tatu: Italia, Ufaransa na Uingereza. Wengine walikuwa na disleksia, wengine hawakuwa nayo. Wakawasomesha maneno huku mashine ikionyesha ni sehemu gani ya ubongo inafanya kazi. Majibu yalitoka mwaka 2001. Katika nchi zote tatu, wenye disleksia walionyesha kitu kilekile: sehemu moja ya ubongo upande wa kushoto, karibu na sikio, ilifanya kazi kidogo kuliko ya wenzao. Mwaka 2005 wakaangalia umbo lenyewe la ubongo. Wakakuta kwamba upande huohuo wa kushoto tishu zake zina tofauti, pamoja na nyuzi zinazounganisha sehemu za lugha. Kwa hiyo si uvivu, na si uchawi.

Sasa sikilizeni hili, maana linatuhusu sisi. Waitalia wenye disleksia walisoma kwa usahihi zaidi kuliko Waingereza na Wafaransa, ingawa tatizo la ubongo lilikuwa moja. Kwa nini? Kiitalia kinaandikwa karibu kama kinavyosikika. Kifaransa na Kiingereza vina mitego mingi. Kwa Kifaransa neno la maji linaandikwa «eau», herufi tatu, lakini sauti ni «o» tu.

Kiswahili chetu nacho kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Kwa hiyo mtoto mwenye disleksia anaweza kujikokota na Kiswahili, polepole, bila mtu kugundua. Akifika kwenye masomo ya Kifaransa, anaanguka. Hapo ndipo tunasema amekuwa mjinga ghafla, kumbe shida ilikuwepo tangu mwanzo.

Lakini tuwe waangalifu. Si kila anayeshindwa kusoma ana disleksia. Wengine walikosa shule miaka mingi kwa sababu ya kukimbia. Wengine hawaoni vizuri au hawasikii vizuri, wengine wana njaa, wengine bado wanaota waliyoyaona njiani. Mpelekeni kwanza zahanati apimwe macho na masikio. Pia mashine ya ubongo haitumiki kumpima mtoto mmoja na kusema anayo au hana. Dalili kubwa ni hii: mtoto anafundishwa vizuri, anajitahidi, na bado kusoma kunagoma. Mara nyingi iko katika ukoo, hivyo mzazi ajiulize kama hata yeye au ndugu yake alihangaika hivyo.

Nyumbani mnaweza kufanya mambo haya bila pesa:

1. Chezeni na sauti. Pigeni makofi kwa kila silabi: ma-ha-ra-gwe, makofi manne. Muulize: ukiondoa «ma» kwenye «maziwa», inabaki nini?

2. Msomeshe muda mfupi kila siku, dakika kumi tu, kabla giza halijaingia. Rudieni silabi zilezile mpaka zikae.

3. Aandike herufi kwa kidole mchangani huku akiitamka sauti yake.

4. Kaka au dada amsomee kwa sauti, naye afuate kwa kidole.

5. Msimpige wala kumwita mjinga. Fimbo haibadilishi ubongo, inamfundisha kuogopa kitabu tu.

Wale wanafunzi wa utafiti walikuwa na disleksia na walifika chuo kikuu. Kwa hiyo kabla hamjamtoa mtoto shuleni, njooni kwanza tuongee. Tunabaki darasani baada ya masomo ya asubuhi. Mje naye, tumsikilize akisoma, halafu tupange pamoja.