Bati Hupataje Migongo Yake?

Leo tutazungumza juu ya bati la kuezekea. Wengi wenu mmeweka akiba miaka kadhaa ili mwezeke nyumba kwa bati. Basi ni haki yenu kujua mnachonunua.

Kwanza tufanye jaribio dogo. Chukua karatasi moja, uilaze juu ya vikombe viwili vilivyoachana kidogo. Utaona inalegea katikati. Sasa ikunje mikunjo myembamba, huku na huku, kama bati la migongo lilivyo. Ilaze tena, mikunjo ielekee kutoka kikombe hiki hadi kile. Safari hii itabeba hata kibiriti. Karatasi ni ile ile, haikuongezwa kitu. Nguvu imetoka katika mikunjo.

Jambo hilo ndilo alilolitumia Henry Robinson Palmer, mhandisi wa Uingereza, aliyepewa haki ya uvumbuzi wa bati la migongo mwaka 1829.

Sasa twende kiwandani. Bati hufika likiwa tambarare, limevingirishwa kama jamvi. Mtambo hulipitisha kati ya jozi nyingi za magurudumu ya chuma, moja juu na moja chini, zilizopangwa kwa mstari. Jozi ya kwanza hulipinda kidogo tu. Ya pili huzidisha kidogo, ya tatu zaidi, hata jozi ya mwisho hulitoa na umbo kamili. Kisha kisu hulikata kwa urefu alioagiza mteja. Moto hautumiki.

Kwa nini lisikunjwe mara moja? Kwa sababu bati likilazimishwa ghafula huweza kupotoka, na rangi na zinki yake huweza kupasuka, na hapo kutu hupata mlango. Tena chuma ni kama fimbo mbichi: ukiipinda ukaiachia, hurudi nyuma kidogo. Kwa hiyo magurudumu hupangwa yapinde kupita kiasi kidogo, ili chuma kikirudi kifike panapotakiwa. Mteja akitaka umbo jingine, kama mfereji wa maji ya mvua au fremu ya mlango, hapana budi kutumia magurudumu mengine.

Sasa sikilizeni vizuri. Magurudumu hutoa umbo, hayaongezi unene. Mabati mawili huweza kuwa na migongo ile ile na rangi ile ile, lakini moja likawa jembamba, likabonyea fundi akilikanyaga. Macho hayatoshi. Uliza geji, na ukumbuke kwamba hesabu yake huenda kinyume: bati la geji 30 ni jembamba kuliko la geji 28. Uliza pia unene kwa milimita, wa chuma chenyewe bila rangi. Na kwa kuwa bati likikunjwa hupungua upana, hesabu idadi ya mabati kwa upana unaofunika paa baada ya kupandanisha kingo.

Mwenye duka asipokujibu, usione haya kuondoka. Fedha bado zimo mfukoni mwako.

Maswali ya kujadili katika kikundi:
1. Kwa nini karatasi iliyokunjwa ilibeba kibiriti?
2. Utamwuliza nini mwenye duka kabla ya kulipa?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.